Nambari Kumi na Sita

Mimi nguo naijua kwa kidole gumba.
Miaka kumi na tisa nafungua mitumba Kongowea,
robota likikatwa kamba hupumua kama mtu,
na kabla mwenzangu hajasoma lebo
nimeshajua hii ni pamba, hii yajifanya pamba,
hii ilifuliwa na mtu aliyekuwa na hasira.

Kwa hivyo alipokuja yule bwana wa Nairobi,
Wamukota, amevaa glavu nyeupe kama daktari wa meno,
akaitandaza mezani jezi ya Ami Shekuwe,
sikumwachia aseme peke yake.

"Nyekundu hii," akasema, "haipatikani tena."
Nikamwambia haikuwa nyekundu hii.
Ilikuwa nyekundu ya achari.
Hii ni ile ambayo jua la Kuze, kwenye kamba, lilisaza.

Akageuza mgongo. Moja. Sita.
Akainama hata pua ikakaribia uzi.
"Sita hii imepinduliwa."

Ndiyo, bwana. Hiyo ni tisa, kichwa chini.
Jezi zilifika usiku wa kuamkia mechi, hazina nambari,
nambari zikaja baadaye ndani ya bahasha, hazikutosha,
na nyanya yangu, Mwanatumu binti Kombo,
alikuwa na cherehani ya mkono, taa ya chemni,
na mtoto mmoja tu katika timu ya taifa.
Sita zilikwisha. Ikabaki tisa.
Akaigeuza. Akashona. Mungu hakusema kitu.

Wamukota akatabasamu: kosa, kumbe, lina bei yake.
Akataja pesa. Nikahesabu kimya
mabati, dawa ya macho, deni la maji.
Kisha likaja swali lenyewe:
"Ilichezewa?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo.
Kwapani pana ramani ya chumvi, ya manjano,
kola imelika upande wa kushoto,
na nguo haimtolei ushahidi mbaya mwenyewe.
Ndiyo ina silabi mbili na paa jipya.

Lakini Ami alikuwa mlangoni
na sahani ya mbaazi, mahamri mawili juu,
karani mstaafu wa Kilindini, aliyezoea
kuandika kontena tupu ni tupu.

"Sikuingia," akasema.
"Nilipasha misuli mara tatu.
Mara ya tatu kocha akanipungia, nikavua traksuti,
nikasimama mstarini, nikakaguliwa njumu, moja, ya pili.
Dakika ya themanini na nane.
Mpira haukutoka nje.
Ulikataa, wallahi. Ulizunguka mle mle
kama mgeni asiyejua kuaga,
hata kipenga."
Akakaa. Akamega hamri.
"Jasho ni langu, lakini."

Bei ikashuka. Haikuanguka; ilishuka
kama mtu ashukaye ngazi akishika ukuta.
Wamukota alikuwa muungwana, naona alisikitika kweli.
Akaomba picha tu, mwenye jezi ndani ya jezi,
iende pamoja na cheti.

Ami akainua mikono
kama mtoto wa chuoni anayevishwa kanzu ya Idi.
Kichwa kikapita nusu. Mabega yakagoma.
Tumbo halikuulizwa hata maoni.
Akakwama humo, mikono juu, uso umefunikwa,
ile sita ya uongo imempanda kisogoni,
na sisi wawili twavuta,
mmoja kwa glavu, mmoja kwa gumba,

akacheka. Kicheko kilipita kwenye kitambaa
kikatoka na joto.
"Msivute," akasema mle ndani.
"Mpira bado haujatoka."

Tukaiachilia.
Mbaazi zikapoa.
Wamukota akavua glavu moja.